Tisini Toa Arobaini na Tano

"Sifuti!" Mama mmoja alipiga dawati kofi, penseli zikaruka. "Alama kumi ni zangu, Mwalimu. Nipe!"

Ndugu zangu, hapo tuko kwenye darasa la jioni, la watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Mama huyu alikatishwa shule akiwa msichana, aljebra na kalkulasi akajifundisha mwenyewe jikoni, huku maharage yanachemka. Hasira zake zilikuwa karibu, nazo hakuzificha. Bila alama hizo kumi za jaribio, mwalimu hamsajili. Mwaka mwingine unampita hivihivi.

Swali lenyewe? Jiwe limerushwa juu kwa mwendo wa mita thelathini kwa sekunde, na kila sekunde linapoteza mita kumi za mwendo wake. Litapanda mpaka wapi kabla ya kugeuka? Mama alikwenda hatua kwa hatua. Linapogeuka, mwendo ni sifuri. Basi hiyo ni sekunde ya tatu. Kwa sekunde tatu lingepanda mita tisini, toa arobaini na tano ambazo ardhi imelivuta. Akaandika arobaini na tano, akapiga mstari chini yake kwa nguvu.

Kitabu, kule nyuma kwenye majibu, kilisema hamsini na nne.

"Wenzako wote wameandika hamsini na nne," mwalimu alisema. "Wewe nani, mama, ukipinge kitabu?"

"Nionyeshe mstari niliokosea."

"Dada, futa bwana, tuendelee!" mmoja akadakia kutoka nyuma. "Ubishi hausahihishwi." Darasa zima likacheka.

"Mstari, Mwalimu! Mmoja tu!"

Mwalimu akashika chaki ili amwaibishe. Akashuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zilezile za mama. Akafika pale: tisini toa arobaini na tano ni… Chaki ikasimama.

Haya, nyinyi niambieni. Ni ngapi?

Mwalimu akageuka. "Semeni kweli. Nani mwingine alipata arobaini na tano kabla hajachungulia majibu?"

Mkono mmoja ukapanda, ukafuata mwingine, mwisho ikapanda yote, hata wa yule wa "futa bwana". Na mwalimu, polepole, akainua wake, chaki bado iko vidoleni.

"Alama zako hizi, mama," akasema. "Zote kumi."

Mama akaenda ubaoni, akaandika arobaini na tano kubwa ya kuonekana barabarani. Madawati yakapigwa kama ngoma!

Mmesikia lakini? Jibu walikuwa nalo wote. Walilifuta kwa mikono yao.

Na sisi? Dhamiri imetufikisha mara ngapi kwenye jibu la Mungu, tukachungulia kwanza wakubwa wanasemaje, tukafuta? Kwenye kikao kile cha ukoo tulijua mjane anadhulumiwa shamba lake. Tulijua! Tukaandika hamsini na nne, tukanywa chai. Mmoja wetu akasimama peke yake, tukamwita mkorofi.

Msiangalie chini. Tuliokuwepo tumo humu ndani, na mjane yumo. Tukitoka hapa tumwendee yule tuliyemwita mkorofi, tumwambie mbele ya watu kwamba alisema kweli.

Na shamba la mjane lirudishwe. Leo.