Jiwe Mbele ya Tairi

Tulieni niwahadithie, maana hukumu yake nitawaachia nyinyi.

Bi Nuriati wa Lushoto alikuwa na watoto watatu. Saumu alijaliwa sikio kali, Mbelwa mkono mwepesi, na Hoza, kitinda mimba, jicho lisilopitwa na kitu. Mumewe alipofariki aliacha gari kuukuu. Mama akawaambia, "Atakayeniwezesha kuteremka nalo mpaka Mombo salama, ndiye nitakayemkabidhi ufunguo liwe lake." Tangu siku hiyo watoto wakawa wema mno, na wema huo ukamtia mama mashaka.

Alianza Saumu. Mama alipokuwa akiliingiza gari uani, binti akainua kidole. "Mama, umesikia? Chuma kinasaga chuma. Pedi za breki zimekwisha, na diski zinalika. Ukiteremka hivi, kona ya kwanza tu tunakuzika." Mama alimshukuru, lakini moyoni akajiuliza: huyu kapanda gari hili miaka yote, sikio limezibuka leo?

Akafuata Mbelwa. Alipiga jeki pale pale uani, akang'oa matairi, akafunga diski mpya na pedi mpya. Hata yale mafuta yanayopakwa diski kiwandani zisishike kutu aliyafuta kwa kitambaa mpaka zikang'aa. Ila hakutaka mtu amsogelee. "Kaeni mbali, msiniharibie kazi!" Alipomaliza akarudisha matairi, akaenda kunawa. Kazi safi, mama aliwaza, lakini siri ya nini?

Mama akaingia garini ajaribu. Ua ule unateremkia korongoni. Akashusha hendibreki, gari likaanza kuserereka, akakanyaga breki, na pedeli ikazama mpaka chini kana kwamba amekanyaga uji. Pedi zikiwa mpya, pedeli hukanyagwa kwanza mara kadhaa mpaka ikaze. Mbelwa hakuikanyaga wala hakumwonya mtu. Mama akapiga yowe. Hapo Hoza akasukuma jiwe kubwa mbele ya tairi, gari likasimama.

Mama akashuka, akamgeukia Hoza.

"Jiwe hilo umelitoa wapi upesi hivyo?"

"Nilikuwa nimelishika, mama," Hoza akajibu.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Niliona kaka hajakanyaga pedeli."

"Mbona hukusema?"

Hoza akainama. "Si alitukataza kuingilia kazi yake?"

"Nilisahau tu, wallahi!" Mbelwa akadakia, akija mbio na povu mikononi.

Pedeli ikakanyagwa mpaka ikakaza. Kesho yake Bi Nuriati akateremka mlima kona kwa kona, breki zikishika barabara, akafika Mombo na kurudi.

Watoto wakamzunguka. "Bila sikio langu ungekwenda na breki mbovu," akasema Saumu. "Bila mkono wangu zingebaki mbovu," akasema Mbelwa. Hoza akasema, "Bila jiwe langu usingeiona hiyo kesho."

Wote watatu walisema kweli, na mama hakumwamini hata mmoja. Amekaa na ufunguo kiganjani, anawatazama watoto aliowazaa mwenyewe, na inamuuma kwamba anawaogopa.

Haya, ungekuwa wewe ndiye mama yao, ufunguo ungempa nani? Na ukishampa, ungepanda gari akiendesha yeye?