Mahali pa Kupigia Hodi

Wapendwa, baba mmoja alikuwa anaozesha binti yake, na kwao posa haipokelewi bila baba mkubwa kuwapo. Sasa yeye na huyo kaka yake walikuwa hawasemeshani, kwa maneno machafu ambayo yeye mwenyewe aliyatangaza juu ya kaka kwa ukoo mzima. Ikabidi aende kuomba msamaha. Akamchukua na mkewe.

Kaka alikuwa mchoraji wa majengo, na makazi yake kayajenga bustanini kwa akili zake mwenyewe. Wageni wakapita kwenye mianzi, wakafuata njia ya mawe. Wakaona paa, chini hakuna ukuta. Wakaona ukuta, juu hakuna paa, migomba imejaa. Mfenesi umetokeza katikati ya dari. Kochi liko hapa, feni inazunguka pale, na chura katulia kwenye mkeka. Yule baba alizunguka mpaka kichwa kikamwuma. Mlango uko wapi? Na pasipo mlango, mtu mwenye adabu apige hodi wapi?

"Mke wangu, tumefika au tumepotea?"

"Hata sielewi, Baba Aichi. Lakini maneno ya kumwambia umeyaandaa?"

"Tukiuona mlango tu, napiga magoti na chozi nalitoa. Si anapenda kunyenyekewa? Posa ikishapita, mimi na yeye basi. Roho yake mbaya naijua."

Akajifuta jasho, akavaa sura ya huzuni, akaijaribu sauti: "Hodi..."

"Karibu, mdogo wangu," kaka akajibu nyuma ya migomba, karibu kabisa. "Mliingia tangu pale kwenye mianzi. Hapo mliposimama ni sebuleni."

Jamani, aibu gani ile! Magoti aliyoyaandaa yakakataa kukunjika.

"Kwenye posa nitakuja," kaka akasema. "Mtoto hana kosa. Ila msamaha wako bado sijausikia."

Na sisi je? Tunamteta mtu njia nzima, tukifika kizingiti cha kanisa tunapangusa mdomo na kuanza "Baba yetu". Nani alitudanganya kwamba Mungu ana nje? Jikoni kwako ni kwake. Barabara uliyokuja nayo ni kwake. Kumbe sala yetu huanza kusikika mbali sana, kabla hatujafumba macho.

Basi niambieni, ninyi mnaonitazama kwa upole hivyo: asubuhi hii, mkija, mlikuwa mnamsema nani?