Shimo Nyuma ya Nyumba ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Ah, sauti gani hiyo? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na nyie wakubwa mnaojidai mmekuja kusindikiza watoto tu, tegeni masikio, maana hii yawahusu zaidi.

Zamani, zamani za kale hasa, Ngiri na mkewe walilala vichakani. Bi Ngiri akapata mimba. Akasema, "Mume wangu, masika yanakuja. Mwanangu azaliwe kwenye tope? Nijengee nyumba."

Ngiri akajenga. Akachimbia nguzo, akafunga fito, akaezeka nyasi. Bi Ngiri akajifungua kitoto cha kike. Ikabaki kukandika udongo. Na kukandika nyumba ni kazi ya watu, siyo ya mtu. Majirani wakaalikwa. Akaja Nyani, akaja Fisi, akaja Kanga na mashoga zake. Bi Ngiri akateleka chungu cha pure.

"Udongo mkachimbe kule bondeni," akawaambia.

Fisi akaguna. "Bondeni! Shemeji, bondeni mbali, na chungu kinanukia hivi?"

"Udongo ni udongo," akasema Ngiri. "Tuchimbe hapahapa."

Loo! Wakachimba nyuma ya nyumba, ubavuni pa ukuta. Chimba, kanyaga, kandika! Chimba, kanyaga, kandika! Na nyimbo juu. Ukuta unapanda, shimo linashuka. Ukuta unapanda, shimo linashuka. Nguzo zikaanza kuonyesha miguu, na watu wazima wale wanaimba tu! Mmewahi kuona?

Bi Ngiri akatoka, mtoto mgongoni. Akashtuka.

"Jamani! Mmechimba hadi kwenye nguzo! Lifukieni shimo hili leo hii."

"Kesho, shemeji," akasema Nyani, mdomo umejaa pure.

"Kesho, mke wangu," akasema Ngiri. "Hebu itazame kwanza nyumba yako ilivyo nzuri."

Na kweli ilikuwa nzuri. Kesho ikaja, ikapita. Nani alifukia? Hakuna.

Mvua ikashuka. Chwaaa! Asubuhi nzima, chwaaa! Shimo likajaa pomoni. Bi Ngiri akamlaza mtoto ndani, akatoka uani kukinga maji. Mara akasikia nyuma yake, krr... krr... Akageuka.

GUBU!

Nyumba hakuna. Nasema nyumba hakuna! Ukuta umekaa chini, paa limeukalia.

"Mwanangu yumo ndani! Jamani, mwanangu!"

Majirani wakaja mbio. Walipofika wakasimama, vinywa wazi. Fisi, anayecheka hata msibani, hakucheka. Nyani akasema, "Mimi nilikandika tu, sikuchimba." Kanga naye, "Sisi tulikanyaga tu." Wallahi! Mtoto yuko chini ya udongo, wao wanasukumiana lawama!

Ngiri akawapita. Akapiga magoti, akachimba. Kwa pembe, kwa pua, kwa kwato. Wenzake wakamwona, wakaona haya, wakachimba nao. Ukaonekana mguu. Kikaonekana kichwa. Mtoto kimya. Bi Ngiri akamnyonya tope puani, akatema. Kimya. Akanyonya tena, akatema. Kimya! Ngiri akafumba macho. Bi Ngiri akanyonya tena.

Kitoto kikakohoa. Kikalia.

Nyie! Wakaangua kilio wote, hata Fisi.

"Pole, shemeji," akasema Nyani. "Tutakujengea nyingine."

Bi Ngiri hakumtazama Nyani. Alimtazama mumewe. "Nilisema," akamwambia. Akambeba mwanawe, akaenda kuazima shimo kwa Muhanga, yule fundi wa kuchimba mashimo. Akaingia kinyumenyume, uso ukiangalia nje, jambo lisije likamtokea tena kisogoni. Ngiri akamfuata, naye kinyumenyume. Mpaka leo nendeni porini mkatazame: ngiri haingii shimoni kwa kutanguliza uso.

Mafunzo yake ni haya: usichimbe chini ya nyumba ili upambe ukuta wake. Na ukionyeshwa hatari, iondoe siku hiyohiyo, maana aliyekuonyesha ndiye mwenye mtoto humo ndani.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo. Mwenye swali akatazame kwanza nyuma ya nyumba yake.