Breki Zilizolia Mjini Zikanyamaza Mlimani

Wapendwa, ukisikia kitu kinalia nyumbani kwako, unafanya nini? Mlango ukilia, unachukua nini? Nawasikia akina mama huko nyuma wanajibu: mafuta. Baiskeli ikilia, mafuta. Cherehani ikilia, mafuta. Hata mtoto mchanga akilia, bibi yake anauliza mafuta ya nazi yamewekwa wapi. Sisi watu wa milimani hatujawahi kusikia kilio tukakosa dawa, na dawa yenyewe ni hiyo hiyo. Haya, twendeni pamoja.

Baba mmoja, mtu wa ofisini, mwenye kitambi cha heshima, alinunua gari ambalo halikuwa la umri wake. Lilikuwa gari la mashindano, yale mekundu yanayokimbia porini yakiacha vumbi limesimama nyuma. Alilinunua kwa mama mmoja aliyeliendesha kwenye mbio miaka mingi, mpaka magoti yakamwambia basi. Baba yetu hakuwa na mpango wa kushindana na mtu. Alilitaka la kwendea kazini na sokoni, na labda, tuseme ukweli, la kupita nalo taratibu mbele ya wanaume wenzake.

Gari lilikuwa na jambo moja tu. Kila alipokanyaga breki, lililia, kilio kile cha kijiko cha chuma kukwaruza sufuria mpaka meno yanakufa ganzi. Akifika kwenye tuta, linalia. Njia panda, linalia. Mlinzi wa ofisini aliacha kusubiri honi. Akisikia breki anafungua geti. Mke wake, mama asiyekuwa na haya na mtu, akaanza kushuka mbali na kumalizia safari kwa miguu, akisema anafanya mazoezi.

Ingeishia hapo tungecheka twende zetu. Lakini binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi, na kanisa la upande wa bwana harusi liko bondeni. Ninyi mnaijua barabara ya namna hiyo. Mteremko mrefu, kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Wakwe walikuwa wameshatoa gari, refu, jeupe, na dereva wake anavaa glavu. Binti akalikataa. Akamwambia baba yake, "Baba, ule mteremko nataka niushuke na wewe. Nikifika chini nitakuwa wa watu."

Akina baba, mmesikia hayo maneno? Yule mzee alikwenda bafuni akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yamekuwa mekundu, akasema ni sabuni.

Mke wake alimpenda, lakini alikuwa na lake. "Baba nanii," alisema, "gari lile litalia kuliko mimi mama mzazi. Wakwe watasema tumewaletea mke kwa king'ora. Ama lipone, ama mtoto apande lile jeupe."

Basi hapo ndipo anapoingia shemeji. Kila ukoo una shemeji wa namna hii, na kama kwenu hayupo, jichunguze, huenda ni wewe. Shemeji akasema, "Shem, kitu kikilia kinaomba mafuta. Kwani hilo nalo linahitaji shule?" Ijumaa wakapiga jeki, wakafungua magurudumu, wakachomoa pedi za breki, vile vipande vinavyobana sahani ya chuma ili gurudumu lisimame. Wakazipaka grisi usoni, pale pale panapobana, nene, kama siagi kwenye mkate wa mgeni.

Wapendwa, gari lilinyamaza. Baba alilisogeza pale uani, kimya. Mke akapiga vigelegele. Baba akasema ngoja nizunguke kidogo nifurahie huu ukimya, akatoka nalo peke yake. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba alitoka peke yake.

Baada ya bucha barabara inateremka, mteremko mdogo tu, hata mtoto wa baiskeli haushangilii. Akakanyaga breki. Kimya. Akakanyaga tena kwa nguvu. Kimya, na gari linakwenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe ulikuwa ua wa michongoma wa jirani. Gari liliingia lote, pua ikatokea upande wa pili, kuku wa watu wakahamia juu ya bati. Hakuumia. Alibaki ameshika usukani, na moyoni ana wazo moja tu: kesho mtoto wangu angekuwa amekaa kiti cha nyuma, na tungekuwa kule mlimani.

Sasa niambieni ninyi. Kilichotaka kumuua ni kelele, au ni ukimya? Breki, ndugu zangu, kazi yake ni kukwaruza. Ukiilainisha isikwaruze, kelele imeondoka na breki nayo imeondoka.

Wakampigia simu yule mama aliyemuuzia. Akaja na mkoba wake wa vifaa. Baba alikuwa na hasira, lakini kwetu hata mwenye hasira husalimia kwanza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Naona umeegesha kwenye miiba."

"Dada, uliniuzia breki mbovu. Zinalia tangu siku ya kwanza."

Yule mama akainama, akapitisha kidole kwenye pedi, akakitazama. "Nani kapaka hii?" Shemeji akakumbuka kwamba ana mgeni anamsubiri nyumbani.

"Breki hizi si mbovu," mama akasema. "Zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshuka mlima kwa kasi, zibane sana, zipate moto. Zikipata moto zinashika na husikii kitu. Wewe unazipeleka sokoni. Unazigusa, unaziachia. Zinabaki baridi, ngumu, uso wake unang'aa kama kioo, zinatetemeka kwenye chuma, na huo mtetemo ndio kelele unayoisikia. Hazilii kwa ubovu, ndugu yangu. Zinalia kwa kukosa kazi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kama safari zako ni ofisini na sokoni, funga pedi za kawaida, za watu wa mjini, utapata amani. Wala si aibu. Lakini hebu niambie, kesho unapita wapi?"

"Nashuka bondeni."

"Na nani?"

"Na binti yangu. Anaolewa."

Mama akaifuta ile grisi kidoleni. Naye alikuwa mzazi. "Basi kesho usibadilishe aina," akasema. "Harusi ikiisha, njoo tufunge za mjini."

Zile zilizolishwa grisi alizitupa, maana grisi ikishaingia haitoki. Akasafisha sahani za chuma mpaka zikakauka, akafunga pedi nyingine za aina ile ile alizokuwa nazo. Na alipaka grisi, msimcheke sana shemeji, lakini ile isiyoogopa moto, kidogo, mgongoni mwa pedi, mahali zinapoegemea. Usoni hakugusa. Kisha akampeleka baba kwenye barabara tupu nje ya mji. "Kimbiza. Sasa bana kwa nguvu. Achia kabla halijasimama. Kimbiza tena." Wakarudia hivyo mpaka wakasikia harufu ya moto, halafu wakarudi mdogo mdogo zipoe. Wakati wa kuagana akamwambia, "Kesho pale mjini, mkienda mwendo wa harusi, huenda zikalia tena. Ziache zilie."

Jumamosi ikafika. Mikwaruzo ya miiba ikafunikwa na maua na riboni. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, mpiga video ananing'inia dirishani, msafara unakwenda mwendo wa kinyonga. Na breki zikalia. Kwenye kila kundi la watu zikalia. Watoto wakakimbia pembeni wakiziigiza. Mpiga tarumbeta mmoja alijaribu kuitafuta ile sauti akashindwa. Mama wa bibi harusi akajifunika kitenge usoni. Wakwe kwenye lile gari jeupe wakatazamana. Baba jasho linamtoka mpaka kwenye tai, lakini alikuwa ameshalala na lile wazo la jana, kwa hiyo aibu haikuwa na pa kumshika.

Wakafika mlimani, matarumbeta yakaachwa yatangulie, mteremko ukaanza. Baba akaweka gia ndogo. Kona ya kwanza, breki zikalia. Ya pili zikalia, kilio kifupi. Baada ya hapo barabara ikainama kweli kweli, na kila kona akabana, na kila kona gari likatii kama mtoto aliyelelewa. Kule nyuma gari jeupe likaanza kutoa moshi magurudumuni. Dereva wa glavu ikabidi alipaki pembeni, na mashangazi wa bwana harusi wakashuka na kofia zao kuyapepea magurudumu. Jekundu linashuka. Ndani palikuwa kimya, unasikia riboni tu zinapigwa na upepo.

Binti akainua shela. "Baba, mbona zimenyamaza?"

"Zimepata kazi, mwanangu."

Sasa tugeuke tujitazame sisi.

Wiki hii watu wa heshima wamenijia ofisini. Siwataji. Wamekaa safu ya pili, na mmoja wao ana tai ya kijani. Wakaniambia, "Mchungaji, yule Mama Tusekile atatumaliza. Kila mkutano analia. Ibada ikichelewa kuanza, analia. Choo cha watoto wa shule ya Jumapili hakina maji, analia. Kikao hakina ajenda, analia." Na dawa walikuja nayo. Wakasema, "Mpe cheo, Mchungaji. Mfanye mlezi wa kwaya. Mvishe kitenge, mkalishe mbele, atanyamaza."

Ndugu zangu, hiyo inaitwa nini? Semeni wenyewe. Grisi.

Na sisi kwa kupaka grisi hatujambo. Kijana anauliza maswali magumu kwenye mkutano, tunampa maiki asome matangazo, maswali yanaisha. Mke anamwonya mumewe, mume anarudi na viatu vipya, onyo linaisha. Hata dhamiri yako wewe mwenyewe, inayokukwaruza ukilala, si unaijua namna ya kuipaka? Unatoa ahadi ya sadaka kubwa, inanyamaza. Tunafurahi, nyumba imetulia, usharika umetulia. Mpaka siku barabara inapoinama, tunakanyaga, na hakuna anayetushika.

Tena hatujajiuliza lile swali la yule mama. Huyu anayelia, alitengenezwa kwa mlima gani? Mama Tusekile alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Wengine mliomo humu ndani mikono ya kwanza kuwapokea duniani ni yake. Alikesha na wanawake wanaojifungua umeme umekatika na mvua inanyesha, na watoto wakaishi. Akastaafu, akaja kwetu na nguvu zake zote, na sisi tulimpa nini? Birika. Tulimwambia awamiminie wazee chai baada ya ibada. Breki ya mlimani tumeipeleka sokoni, halafu tunashangaa inalia. Jambo hili limeniuma, nasema wazi, maana chai ile na mimi nimeinywa.

Nawe unayelia, usiondoke hapa unacheka peke yako. Inawezekana hujapewa kazi. Inawezekana pia ulipewa ukaikwepa, ukaona ni raha zaidi kukaa kando ukiwalilia wanaopita. Omba kazi. Ukipewa, ifanye mpaka upate moto, na wengi hatutakusikia tena, tutaona tu kwamba tumefika salama.

Zahanati ya usharika wetu iko kwenye msingi tangu masika ya mwaka juzi, na kina mama wanaendelea kushuka bondeni kwenda kujifungulia huko. Jana nilikwenda nyumbani kwa Mama Tusekile nikamwomba aongoze kamati ya ujenzi. Hakulia. Aliuliza tu wajumbe wake ni akina nani, nikampa majina. Ndugu zangu wa safu ya pili, kikao cha kwanza ni Jumanne saa mbili asubuhi, na mwenyekiti wenu amesema hamsubiri mtu.