Fisi Alivyopewa Ulinzi wa Kanga

Sogeeni, hadithi hii ina manyoya na harufu ya fisi. Mwaka huo mvua iligoma. Nguchiro na vicheche, njaa ikiwauma, wakahamia kwa Bi Kanga: wakala mayai, wakala vifaranga. Waliosalia hawakuwa hata na mbawa za kurukia mtini. Bi Kanga akaomba mlinzi.

Sungura aliwahi intavyu alfajiri, digrii mbili kwapani, tumbo tupu. Simba, mwenyekiti, hakuzitazama. Alikuwa anajichana manyoya.

"Eksipiriensi?"

"Sina, Mtukufu, ila nimesomea..."

"Next."

Fisi akaingia kwa magoti, akayasifu manyoya kwanza.

"Eksipiriensi?"

"Ya ndege, Mtukufu? Nawajua mpaka mifupa."

Kazi akapewa palepale. Sungura akatoka anatafuna sivii yake. Angalau karatasi ilikuwa laini.

Fisi akajenga banda la miiba. "Bi mkubwa, hili la kisasa. Walaze wanao humu, mie niko mlangoni."

Sungura, ambaye hakuwa na kazi ya kuwahi, akalizunguka. "Kaka Fisi, mbona komeo liko nje tu?"

"Msomi wewe, milango nayo ulisomea?"

Sungura akamvuta Bi Kanga kando. "Dada, mlango unaofungwa kwa nje tu ni wa jela au wa stoo ya chakula. Na wanao hawajaiba kitu."

Bi Kanga hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Vifaranga wakaingizwa shimoni kwa Sungura, mama yao akasimama mbele ya banda tupu, akaimba kwa sauti: "Laleni wanangu, mlinzi yupo." Kisha akarukia mtini.

Fisi hakungoja hata jua lizame. Akainama, akaingia, chumvi mkononi. Sungura akasukuma komeo. Bi Kanga mtini akapiga kelele mpaka Simba akaja mbio, manyoya yamechanwa upande mmoja.

"Fisi, wafanya nini humo?"

"Ukaguzi, Mtukufu."

"Na chumvi?"

"Ya... kufukuzia mchwa."

Simba akanguruma, akatangaza kuwa yeye alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia, nani ana meno ya kubishana naye? Fisi kwa woga akapasua ukuta kwa kichwa, akatoka kavaa miiba kama nungunungu, akatokomea bila mshahara. Mpaka leo humsimamisha kila mpita njia akimwomba amchomoe mmoja tu, wa makalioni. Nao humpita, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.