Masale ya Naelijwa

Sale halisemi, husema aliyelipanda. Mmeisikia methali hiyo leo kwenye mkutano wa mtaa, mzee Senzota alipomwambia yule karani kijana aliyekuja na ramani, nanyi mkacheka mkidhani anamtania. Hakuwa akitania. Sogeeni hapa jikoni, mmoja wenu anisaidie kumenya ndizi, niwaeleze maneno hayo yalizaliwaje. Yalizaliwa hapahapa Ighembe, nami nilikuwepo.

Ukungu wa huku mnaujua. Zamani ulikuwa mzito zaidi, wakati msitu bado ulifika hadi nyuma ya nyumba. Ulipanda asubuhi kutoka bondeni, polepole kama maziwa yanayochemka. Ukafunika migomba, ukafunika mapaa, mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe. Sauti nazo zilipotea njia. Ng'ombe wa jirani alilia bondeni ukamsikia juu ya paa lako.

Katika ukungu huo jirani yangu Naelijwa alimpoteza binti yake. Nankondo alikuwa na miaka sita, alikwenda chemchemi na kibuyu chake. Tulimsikia akiita. Tulikimbilia huku, sauti ikawa kule. Tulipokimbilia kule, ikawa nyuma yetu. Kisha ikanyamaza. Ukungu ulipoondoka tulimkuta chini ya genge.

Mvua zilipoanza Naelijwa alikata vipande vya masale, ile mimea ya majani marefu isiyokauka, akavipanda kimoja kimoja kuanzia chemchemi, kupita katikati ya mji, hadi barabara kuu. Kila hatua moja, sale moja. Alipanda peke yake, misimu miwili ya mvua. Tangu hapo, ukungu ukija, mtu alinyoosha mkono akagusa majani marefu ya sale la kwanza, akatafuta la pili, akafika anakokwenda. Hakupotea mtu tena.

Lakini mnajua kwamba kwa desturi yetu sale ni mmea wa mpaka. Shamba likigawanywa, majirani wawili hushika kipande kimoja cha sale, mikono minne, wakakipanda mbele ya mashahidi, na hakuna wa kukisogeza tena.

Miaka kadhaa baadaye Bunge lilikuwa linabadilishwa. Majimbo yaliongezwa, na mipaka yote ikachorwa upya. Kwetu aliletwa mpimaji, Bwana Materu, mtu wa milimani kama sisi, ila wa upande wa Kilimanjaro. Alikaa siku mbili, na siku zote mbili jua liliwaka. Alipanda kilima cha shule, akatazama chini, akaona mstari wa kijani umeupasua mji katikati. Walisema alitabasamu. Angekuwa mtu wa pwani angeuliza yale majani ni ya nini. Yeye alijua, kwa hiyo hakuuliza. Alitoa penseli akachora palepale, kushoto jimbo la Magharibi, kulia jimbo la Mashariki.

Ramani ilipobandikwa ukutani pa ofisi ya kata, mji ulipigwa na baridi. Tulikuwa kaya mia nne. Kwa sababu tulikuwa mia nne pamoja, mbunge wa kwanza alipanda mlima huu kwa miguu kutuomba kura, akaona wagonjwa wanavyobebwa kwenye machela, akatuletea zahanati. Mia mbili huku na mia mbili kule, nani angejisumbua kupanda? Tungekuwa mkia wa majimbo mawili. Tulipewa wiki moja ya kutoa pingamizi. Baada ya hapo mpimaji angerudi kutusikiliza kwenye mkutano shuleni, kisha ramani ingekwenda Dodoma, na ikishakwenda haigeuki.

Watu wakatafuta wa kumlaumu. Siku moja chemchemini Namwai alisema, bila hata kumtazama Naelijwa, kwamba wanawake wengine hupanda maharage, lakini mwenzao amewapandia mpaka. Wanawake wakacheka. Na mimi, wajukuu zangu, nilikuwa nimeshika ndoo yangu, nikacheka nao.

Sikulala vizuri tangu siku ile. Asubuhi ya mkutano niliamka kwenda kumwomba radhi, nikakuta mlango wake uko wazi. Nilishika njia ya masale kumfuata. Ukungu ulikuwa unapanda, na kabla sijafika mbali dunia yote ikawa nyeupe. Karibu na genge niligusa sale moja, nikanyoosha mkono kutafuta la pili, halikuwepo. Nilisikia udongo ukichimbwa. Naelijwa alikuwa anayang'oa. Alidhani masale yakiondoka, na mstari utaondoka.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaita, ikawa kama inatoka mbinguni, kisha kama inatoka bondeni. Bwana Materu alikuwa ameshuka kwenye lori barabarani, akashika masale kuelekea shuleni, na masale yakamwishia mkononi.

Jembe lilinyamaza. Nilisikia Naelijwa akipumua.

"Simama hapohapo, baba," alisema. "Usinyanyue mguu. Endelea kusema, nikufuate."

"Niseme nini, mama?"

"Taja majina ya watoto wako."

Akayataja, polepole, kama mtu anayeota. Aikande. Ndeshi. Alipofika la tatu akakatika, nikajua Naelijwa amemshika.

Nilibaki nimeshika sale langu. Sikuona mtu. Niliwasikia tu, kama sauti mbili zisizo na miili.

"Mama, kuna mashimo hapa," mpimaji alisema. "Nani amesogeza mpaka?"

"Si mpaka. Mpaka hupandwa na watu wawili. Haya niliyapanda peke yangu."

"Ya nini?"

"Ya kumshika mkono mtoto asiyeona njia."

Mpimaji akauliza mbona hakuna aliyemwambia, na yeye alikaa hapa siku mbili nzima.

"Ulimuuliza nani?" Naelijwa alisema. "Uliuliza masale."

Upepo ukapita, ukungu ukafunguka kidogo kama pazia. Nikawaona wamesimama, Naelijwa amekumbatia masale saba yenye udongo, na mpimaji anatazama miguu yake. Hatua mbili mbele yake hapakuwa na ardhi.

Kwenye mkutano watu walikuwa wamejiandaa na maneno makali. Hayakutumika. Bwana Materu aliingia akiwa na jani la sale, akalifunga fundo, akampa Naelijwa kwa mikono miwili mbele ya mji wote. Hivyo ndivyo watu wa milimani wanavyoomba msamaha, na hata hilo alilijua. Naelijwa akalipokea. Mpimaji akafungua ramani mezani, akachukua raba, akafuta mstari wake, akachora mwingine chini kabisa bondeni, kufuata mto, pasipokaa mtu.

"Mimi nimezaliwa kati ya masale," alisema, "nikadhani yataniambia. Sale halisemi. Husema aliyelipanda."

Ighembe tukabaki mia nne.

Jioni yake nilikwenda kwa Naelijwa na jani langu lenye fundo. Alilitazama, akalipokea, akanipa jembe, akasema mashimo saba yanangoja. Tulipofika kule nilitaka tushike kipande cha kwanza pamoja, akanipiga kofi dogo mkononi.

"Mmojammoja," alisema. "Usije ukafanya mpaka."

Nikapanda matatu, yeye akapanda manne. Hadi leo mnayashika mkienda shule, na hamjui lipi la nani. Hata mkiyatazama hamtajua. Sale halisemi, husema aliyelipanda.