Viti Vitupu vya Barabara ya Kiwandani

Kiti kitupu nacho hunyoosha mkono.

Mmeisikia asubuhi, mtendaji wa mtaa akiita watu kikaoni kwa kipaza sauti, mkacheka, sasa mmekuja kuniuliza kiti kitatoa wapi mkono. Sogeeni ndani, jua limeshafika kibarazani. Watu wa mji huu wanaitumia methali hii kila kukicha na wengi hawajui ilikotoka. Mimi najua, maana ilipozaliwa nilikuwepo, ingawa hakuna sifa ninayoweza kujivunia katika kuzaliwa kwake. Ilikuwa hivi.

Wakati huo nilikuwa karani wa halmashauri ya mji wetu huu wa Isolwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Barabara ya Kiwandani, hii mnayoiona ina lami, ilikuwa ya vumbi, pana, haina alama yoyote. Baiskeli zilipita popote zilipotaka, na mnajua mji wetu: anayekwenda shambani yuko kwenye baiskeli, anayepeleka mgonjwa zahanati yuko kwenye baiskeli, hata bibi harusi nimewahi kumwona amepakiwa kwenye keria ya baiskeli.

Ikaja habari kwamba barabara itajengwa upya. Sheria ilitaka wananchi waulizwe kwanza, basi tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisini, kati ya matangazo ya zabuni na orodha ya walioitwa kwenye usaili. Kikao kiliwekwa Alhamisi saa nane mchana. Alhamisi ni siku ya mnada. Nililiona hilo, nikanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama kulisoma lile tangazo mpaka mwisho. Aliitwa Nkwimba. Alikuwa mjane, amefikia umri wa miaka hamsini na kitu, ana bustani ya mchicha na tembele kule bondeni. Binti yake pekee alikuwa ameolewa Mpanda. Kila alfajiri Nkwimba alipakia mboga kwenye baiskeli ya marehemu mumewe, akapita Barabara ya Kiwandani kwenda sokoni, na akirudi alitupitia ofisini kutuuzia mafungu yaliyobaki.

"Mdogo wangu," aliniuliza siku hiyo, "hiki kikao anaruhusiwa kila mtu?"

"Kila mtu, dada."

"Hata muuza mchicha?"

"Hata muuza mchicha."

Alitumia siku sita kuzunguka na ile baiskeli, nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu waje. Wote waliitikia. Mabula, muuza maziwa, kijana mwenye mke na watoto wawili wadogo, alimwambia, "Nitakuwepo, shangazi, hata maziwa yakichacha." Watu hawakumdanganya kwa makusudi. Kila mmoja aliamini wengine watakwenda, na penye watu wengi asingetafutwa yeye.

Alhamisi ilipofika tukapanga viti mia moja vya plastiki ukumbini. Mhandisi Kalokola, aliyetumwa kusimamia ujenzi, alikuja na ramani kubwa akaibandika ukutani. Saa nane ilipogonga, Nkwimba alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa kitenge chake cha kanisani. Saa nane na nusu alikuwa peke yake. Saa tisa alikuwa bado peke yake, na kila mlango ulipopigwa na upepo aligeuka kutazama.

"Mama, wenzako wako wapi?" Mhandisi akamuuliza.

"Walisema wanakuja."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha ramani kama anavyomwonyesha waziri. Nkwimba aliisogelea, akaweka kidole.

"Hapa ni kiwanda cha pamba?"

"Ndipo."

"Na huu mstari mweupe?"

"Njia ya baiskeli, mama. Tumewafikiria na ninyi."

"Asante. Lakini kuanzia mwezi wa sita malori ya pamba hupanga foleni upande huu huu, kutoka getini mpaka zahanati. Mmetuchorea njia mahali malori yanapolala. Sisi tutapita wapi? Juu ya lori?" Akaendelea taratibu, "Tuhamishieni upande wa pili, na mtuwekee ukingo wa zege katikati. Mstari wa rangi haumzuii dereva mwenye usingizi."

Niliyaandika maneno hayo yote. Nilikuwa mwepesi wa kuandika.

Mhandisi alikuna kidevu. "Mama, ramani hii imepita ngazi zote. Nikirudi nayo, lazima niseme wananchi wameikataa. Nitasema wananchi gani? Uko mmoja."

"Na wasiokuja je?"

"Asiyekuja huhesabiwa kuwa hana pingamizi."

Nkwimba aligeuka akavitazama vile viti kwa muda mrefu, mstari hadi mstari, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu. Kisha akasaini karatasi ya mahudhurio, akatuaga, akaondoka.

Alipotoka, Mhandisi aliniambia, "Andika kwamba wananchi walihudhuria, mpango ukaelezwa, hakukuwa na pingamizi." Nikainamisha kichwa. Katika nakala safi sikuyaandika maneno ya Nkwimba. Nilijiambia kwamba karani ni kalamu tu, na kalamu haina mdomo. Karatasi ya mahudhurio ikabanwa nyuma ya muhtasari ikiwa na jina moja.

Barabara ikajengwa. Mwanzoni mji ulifurahi. Watu walivua viatu wakakanyaga lami waone ilivyo. Kisha ukaja mwezi wa sita, na malori yakaja na pamba. Yakajipanga juu ya mstari mweupe, na waendesha baiskeli wakalazimika kuyakwepa na kuingia katikati ya barabara, penye magari yaliyokuwa yanakimbia kuliko zamani. Mwalimu mmoja akavunjika mkono. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akakoswakoswa. Watu wakaenda ofisini wakifoka: nani aliikubali barabara hii? Jalada likafunguliwa mbele yao. Wakaona jina moja.

Habari ilienea kabla jua halijatua. "Nkwimba ndiye aliyesaini." Wengine wakaongeza kwamba alikwenda kikaoni kwa siri. Hata wale aliowagongea hodi siku sita mfululizo walisema hivyo, na nadhani hao ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi.

Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwacha tu. Sokoni wanunuzi walipita mbele ya mchicha wake kama wanaopita mbele ya ukuta. Akifika bombani, mazungumzo yalikatika, na akiondoka na ndoo yake yaliendelea. Akimsalimu mtu, aliitikiwa na mtu anayetazama pembeni. Alijaribu kumweleza wa kwanza, akamweleza wa pili, wa tatu hakumweleza tena. Mimi niliendelea kununua mboga zake. Nilinunua hata nisizozihitaji, zikaoza jikoni, nikidhani hiyo ndiyo toba. Yeye alizifunga kwa kamba ya mgomba, akanipa, akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Mwezi wa nane lori lililokuwa likitoka kwenye foleni lilimgonga Mabula karibu na zahanati. Madumu ya maziwa yalipasuka, barabara ikawa nyeupe kuliko ule mstari. Alifariki kabla hawajamvusha upande wa pili.

Nkwimba alikuja msibani. Aliingia walipokaa wanawake, akatafuta nafasi kwenye mkeka, akavuta ungo wa mchele aanze kuchambua. Aliyekuwa kulia kwake akasogea. Aliyekuwa kushoto akasogea. Akabaki katikati ya mkeka, na ungo mapajani, kama mgonjwa wa ugonjwa unaoambukiza. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Minza, dada wa marehemu, akainuka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Umekuja kuchambua mchele wa nani, Nkwimba? Wa mtu uliyemuuza?"

"Minza, nilisema barabara isijengwe vile."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mhandisi. Nilisema malori yatatumaliza."

"Nani shahidi wako?"

Nkwimba hakunitazama. Mpaka leo nakumbuka hivyo, kwamba alitazama ungo. Nami nikatazama mikono yangu, nikasema moyoni kwamba hapa ni msibani, si mahali pa mambo ya ofisi.

Akaweka ungo chini polepole ili mchele usimwagike. Akasema, bila kupaza sauti, "Nilikaa na viti mia moja, Minza. Nilimngoja Mabula, nikakungoja wewe, nikawangoja ninyi nyote. Mhandisi akaniambia asiyekuja amekubali. Basi nikajua siku ile kwamba kiti kitupu nacho hunyoosha mkono. Mikono mia ilinyooshwa juu, na wangu ulikuwa mmoja."

Akatoka. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Hakuipanda, aliikokota tu, na tulisikia mnyororo ukilia hadi alipokata kona.

Nilikaa siku nne bila kula vizuri. Siku ya kumaliza matanga, watu wote wakiwa wamekusanyika, nilisimama. Nikawasomea maneno ya Nkwimba kutoka kwenye daftari langu la rasimu, neno kwa neno, na nikawaambia ni mkono wa nani ulioyaacha nje ya muhtasari. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa afadhali wangenizomea. Minza alijifunika kanga usoni akasema, "Twendeni kwake."

Tulikwenda kundi zima. Tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani akatuambia Nkwimba ameuza baiskeli juzi na jana amepanda basi kwenda kwa binti yake Mpanda. Kule bondeni mchicha wake ulikuwa umeanza kukauka. Watu wakaanza kuumwagilia, kila mmoja ndoo moja, bila kuambiana kwa nini.

Baada ya hapo mji ulidai kikao kingine. Mimi nilipewa barua ya onyo, lakini nikaachwa niandike. Safari hii watu walijaa mpaka madirishani, wauza mboga, wauza maziwa, wazazi, hata madereva wa malori. Mhandisi Kalokola alikuja mwenyewe, akasikiliza mpaka jioni akiwa amesimama. Ilichukua karibu miaka miwili, lakini malori yaliingizwa ndani ya uwanja wa kiwanda, njia ya baiskeli ikahamia upande wa pili, na ule ukingo wa zege mnaoukalia mkingoja wenzenu ukajengwa.

Ulipokamilika nilipanda basi kwenda Mpanda. Nilimkuta Nkwimba amekonda, amekaa nyuma ya nyumba ya mkwewe, na kibustani kidogo cha tembele. Alinikaribisha, akanipikia, hatukuzungumza mpaka nilipomaliza kula.

"Barabara imetengenezwa, dada. Kama ulivyosema."

"Penye zahanati wameweka kivuko?"

"Wameweka."

"Vizuri."

"Watu wamenituma. Wanaomba urudi."

"Wasalimie. Sina hasira nao. Lakini kurudi, hapana. Kukaa peke yako katika mji wa ugenini kunavumilika, mdogo wangu. Kukaa peke yako katikati ya watu uliozeeka nao, hapana, mara moja inatosha."

Ndipo nikamwambia nililokuja kusema hasa. Nikamwambia kuhusu muhtasari, na kalamu, na siku ile msibani. Nilikuwa nalia.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukumbini ukiandika. Kila siku nilipokuletea mchicha, nilikuwa nakungoja useme."

Jioni alinisindikiza stendi. Sikumwona tena. Alifariki mwaka uliofuata, na tulipopata habari alikuwa ameshazikwa.

Basi watu wakiisema methali hii, huwafikiria wale mia wasiokuja. Ni haki. Lakini siku ile ukumbini hatukuwa na mama mmoja na viti mia tu. Kulikuwa na kiti kingine, karibu na meza, na mimi nilikuwa nimekikalia, nina masikio, nina kalamu, nina mdomo. Hicho nacho kilikuwa kitupu.

Nendeni huko mtendaji anakowaita, wajukuu zangu. Na mkifika msikae tu.

Kiti kitupu nacho hunyoosha mkono.